Pikapu ya Nini? Punguzeni Mizigo!

Najua wengine mlikuwa mnangoja niendelee na vituko vya mtihani, lakini leo naviweka kando. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa mizigo. Kabla hamjacheka someni mpaka mwisho, maana kikao ni Ijumaa na ninyi ndio mtakaonyoosha mikono.

Kwa ambao hawajasikia: kikundi chetu cha baiskeli hapa chuoni kinapanga safari ya likizo ndefu, Iringa mpaka Dodoma na kurudi. Ni kama kilomita 260 kwenda, na nyingine hizo hizo kurudi. Barabara ni lami tupu tangu ilipozinduliwa mwaka 2018, inashuka Mlima Nyang'oro, inapita Migori, inavuka pale Bwawa la Mtera, halafu inapanda taratibu kuitafuta Dodoma. Siku tatu kwenda, moja ya kupumzika, tatu kurudi. Mpaka hapo hakuna ubishi, kila mtu anaitaka.

Ubishi umeanza ilipotoka "orodha ya vifaa vya lazima". Vitu 43! Hema, begi la kulalia, godoro la kujaza upepo, jiko dogo la gesi, sufuria mbili, nguo seti nne, viatu jozi mbili na ndala, taulo, laptopu "kwa ajili ya kumbukumbu", tairi zima la akiba, na mabegi manne ya kuning'iniza, mawili mbele na mawili nyuma. Mshkaji mmoja mwenye uwezo alivikusanya karibu vyote, tukaenda navyo kwa muuza mahindi tukaviweka kwenye mizani. Kilo 27. Bila maji! Baiskeli ikasimama pale kama punda wa harusi, na yeye mwenyewe alipojaribu kuipandisha ngazi mbili za bweni ikabidi tumsaidie watu wawili.

Sasa sikilizeni dawa iliyopendekezwa. Siyo kupunguza. Eti tukodi PIKAPU itufuate na mizigo! Kila mtu achange elfu 60.

Mimi nasema hapana kwa orodha, na nasema hapana kwa pikapu. Na nasema kwamba hivi viwili ni kitu kimoja.

Safari tuliyokubaliana tangu mwanzo ni ya kujitegemea. Sisi watu wa elimu neno hilo hatuna ruhusa ya kulisahau, tumelikariri tangu mwaka wa kwanza: Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Azimio lile lilikataa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo. Halafu sisi, miaka yote hii baadaye, tunataka kuendesha baiskeli na hatua ya kwanza ni kuchangishana hela za dizeli! Pikapu ikiwa nyuma yako hujitegemei, unasindikizwa. Ukipata pancha unanyoosha mkono, ukichoka unapanda nyuma, ukiona mlima unajifanya goti linauma. Hiyo ni safari nzuri tu, siikatai, ila tuiite kwa jina lake: matembezi ya gari yenye baiskeli ndani.

Na kuna sababu imetajwa chini chini ambayo mimi naitaja juu juu. Eti pikapu ni "kwa ajili ya akina dada". Jamani! Mimi ni mmoja wa hao akina dada, na sikumbuki kuomba. Waliojiandikisha wasichana ni watano. Nimewauliza mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyesema hawezi kuendesha. Wawili walisema hawana elfu 60, na watatu walisema hawana hela ya hema. Haya, niambieni, hapo tatizo ni miguu ya akina dada au ni orodha yenu?

Hapo ndipo palipo na uchungu wangu, na ndiyo maana nimeacha kudurusu nikakaa kuandika haya. Orodha hii ni mlango wenye kufuli. Mtu ana baiskeli yake ya mtumba aliyoinunua kwa kujinyima boom, au ana Phoenix ya baba yake, miguu anayo na nia anayo, halafu anasoma orodha ya vitu 43 na kufunga ukurasa. Hagombani na mtu. Anasema tu "safari njema washkaji", basi. Tulianza watu 19. Tangu orodha itoke tumebaki 12. Hao saba hawakuogopa Nyang'oro, waliogopa bei.

Orodha yenyewe najua imetoka wapi, na sioni aibu kusema. Ni ya watu wanaopita hapa Iringa kila mwaka, wale wazungu wa kutoka Cairo kwenda Cape Town au kinyume chake. Barabara yetu ni kipande cha ile njia ndefu. Tunawaona mjini na mabegi yao manne, wamebabuka na jua, na tunawaheshimu. Lakini hebu fikirini kidogo. Yule mtu kapita jangwa la Sudan. Kalala mahali ambapo hakuna nyumba wala duka kwa siku nzima. Yuko njiani miezi kadhaa, kwa hiyo yale mabegi ni nyumba yake. Sisi tunakwenda siku saba, kwenye lami, wakati wa kiangazi, kwenye nchi ambayo lugha yake tunaijua! Kunakili orodha ya yule ni sawa na kuchukua andalio la somo la Kidato cha Sita ukaenda nalo darasa la pili. Andalio siyo baya. Darasa ndilo siyo lake.

Wengine wamenijibu: mbona wauza mkaa wanabeba mizigo mikubwa kwenye baiskeli hizi hizi na hawalalamiki? Kweli, tunawaona kila asubuhi wakiingia mjini, magunia mawili, wakati mwingine matatu, mtu anasukuma kilomita nyingi. Lakini muuza mkaa anabeba mkaa kwa sababu anauza mkaa. Kila kilo aliyopandisha mlima inamrudishia hela. Wewe na hilo jiko lako la gesi unauza nini? Mwambie muuza mkaa akuazime akili yake uone kama atabeba kilo moja isiyolipa. Kwenye baiskeli yake hutakuta taulo la pili.

Tukirudi kwenye mambo yetu ya ualimu: kila tendo kwenye andalio la somo lazima liwe na lengo mahususi, mkufunzi akiuliza "hili ni la nini?" uwe na jibu. Ndivyo nilivyoifanyia ile orodha. Nimeuliza kila kitu: utatumika lini, saa ngapi, na ukikosekana patatokea nini?

Hema. Lini? Migori na Mtera kuna watu, kuna biashara, kuna magari yanayosimama. Penye gesti tunalala gesti, wawili wawili tunachangia chumba. Pasipo na gesti kuna ofisi ya kijiji na kuna shule. Unapiga hodi kwa mtendaji, unatoa kitambulisho na barua ya utambulisho, unaomba pa kulala. Sisi ni walimu watarajiwa, jamani! Tukishindwa kuongea na mwalimu mkuu wa shule ya msingi atuonyeshe darasa tupu na mkeka, hiyo field tutafanyaje?

Jiko la gesi na sufuria. Hili limenichekesha kuliko yote. Kuna mama ntilie, kuna chipsi mayai, kuna ugali maharage, na Mtera kuna samaki, perege wa kukaanga wanauzwa pale pale barabarani. Mtu unapita harufu ile ukiwa na njaa ya kilomita 100, unasimama chini ya mbuyu na kuanza kuchemsha tambi? Zaidi ya hapo, hela unayompa mama ntilie inabaki pale kijijini. Ile ya jiko la gesi imebaki dukani mjini.

Suruali ya jinsi. Nimeipima: gramu 700, na ikiloa haikauki leo wala kesho. Suruali nyepesi ya kitambaa ni chini ya nusu ya hapo, ukiifua jioni asubuhi unavaa. Nguo seti nne za nini, wakati sabuni ni kipande na likizo ndefu haina mvua? Moja mwilini, moja kwenye begi.

Taulo. Hapa naomba akina kaka watulie nifundishe. Kanga! Doti moja ina vipande viwili, vyote viwili haviniletei hata nusu kilo. Kimoja ni taulo, ni shuka, ni kivuli mchana, ni chumba cha kubadilishia nguo. Kingine ni cha kujifunika usiku. Mnatafuta mtandaoni "taulo linalokauka haraka la wasafiri" kwa bei ya kuumiza, na dada zenu wanalo kabatini tangu kipaimara.

Laptopu na chaja yake ni zaidi ya kilo mbili. Daftari na peni ni gramu 200, na daftari likianguka kwenye lami unalipangusa vumbi tu.

Sasa niseme kuhusu mlima, maana kuna mtu wa fizikia aliniambia "uzito kwenye baiskeli siyo ishu, magurudumu ndiyo yanabeba". Ana ukweli nusu. Kwenye tambarare, ukishashika mwendo, upepo ndio adui mkubwa kuliko kilo. Lakini sisi hatuendi tambarare. Iringa mjini iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Maji ya Mtera bwawa likijaa hayafiki mita 700. Siku ya kwanza tunashuka zaidi ya mita 800, na siku ya mwisho wa safari, tukiwa tumechoka, tunazipanda zote hizo. Piga hesabu: kilo 20 za ziada, mara 9.8, mara mita 800, ni kama joule 157,000. Mtu wa kawaida kama sisi akikanyaga kwa wati 100 hizo ni dakika 26 za kazi isiyokuwa na faida yoyote. Na hapo ni kama una gia nyepesi. Mwenye Phoenix hana gia. Kwake yeye kilo 20 siyo dakika 26, ni tofauti ya kuendesha na kushuka kusukuma.

Na kushuka je? Watu wanadhani kushuka ni bure. Uzito uleule ulioupandisha unakusukuma mgongoni, na kinachouzuia ni vipande viwili vya mpira wa breki vinavyoishika ringi. Malori yanapita, kona zipo, upepo wa lori unakuvuta, na wewe una mabegi manne yanayoyumba. Mimi breki za baiskeli za mtumba nazijua. Sitaki kuona mtu wetu akiziomba zisimamishe kilo 27 juu ya uzito wake mwenyewe pale Nyang'oro.

Halafu spoku. Mzigo mwingi tunaufunga kwenye keria ya nyuma, na gurudumu la nyuma ndilo lilishabeba sehemu kubwa ya uzito wa mtu. Spoku moja ikikatika, ringi inaanza kucheza, zile za jirani zinabeba kazi ya mwenzao, kesho yake inakatika ya pili. Ndiyo maana orodha yenyewe imeandika spoku za akiba kumi na tairi zima! Mnaona mzunguko huo? Unabeba mizigo, mizigo inaharibu baiskeli, kwa hiyo unabeba vipuri vya kutengeneza kilichoharibiwa na mizigo, navyo ni mizigo.

Wanaosema haiwezekani kusafiri na kidogo niwape historia kidogo. Mwaka 1884, Aprili, jamaa anaitwa Thomas Stevens alitoka San Francisco na ile baiskeli ya kizamani yenye gurudumu moja kubwa mbele na dogo nyuma. Kamaliza Yokohama, Japani, Desemba 1886. Kaizunguka dunia! Alichoondoka nacho ni soksi, shati la akiba, koti la mvua ambalo lilikuwa pia ndiyo hema lake na kitanda chake, na bastola. Basi. (Bastola sisi tunaiacha.) Na akina kaka wa pikapu msikilize vizuri hii: mwaka 1894 mwanamke anaitwa Annie Londonderry, mama wa watoto watatu, aliondoka Boston na baiskeli ya kike yenye uzito wa ratili 42, kama kilo 19. Alipofika Chicago akaibadilisha, akachukua ya kiume ya ratili 21, na yale magauni marefu akayaacha. Hakukodi gari limbebee baiskeli nzito. Alipunguza, akaendelea.

Sasa msije mkasema dada huyu anatupeleka uchi porini. Kuna vitu sipunguzi hata mnilipe. Cha kwanza MAJI. Ukishashuka Nyang'oro ni joto, ni mibuyu na miiba, na kati ya kijiji na kijiji pana urefu. Lita nne kwa kila mtu, kilo nne kamili, na ndiyo sababu nyingine ya kutupa upuuzi: nafasi ya jiko ni nafasi ya maji. Cha pili ni zana za pancha: viraka, solusheni, tyubu moja, spana ya gurudumu, bisibisi, spoku tatu umezifunga kwa gundi ya karatasi kwenye fremu. Cha tatu ni tochi na kitu cha kung'aa mgongoni, ingawa usiku hatuendeshi. Cha nne ni chandarua chepesi, maana Mtera kuna mbu, na chandarua cha gesti ukikikuta na matundu saa nne usiku utamlalamikia nani? Cha tano ni dawa kidogo: za maumivu, bandeji, pakiti za chumvi na sukari za kuharisha.

Na vingine ni vya kundi, siyo vya mtu. Orodha inasema kila mmoja awe na pampu. Watu 12, pampu 12, tunakwenda kufungua duka? Pampu tatu zinatosha, kopo moja la mafuta ya mnyororo, boksi moja la dawa. Tukiendesha makundi ya wanne wanne, kila kundi na vya kwake, hakuna atakayekwama.

Begi langu limeshapimwa kwa muuza mahindi yule yule, mashahidi wapo. Zana kilo moja na nusu. Nguo na sweta (asubuhi ya Iringa mnaijua) kilo moja na nusu. Kanga nusu. Chandarua gramu 400. Sabuni, mswaki na dawa nusu kilo. Simu, chaja na tochi nusu kilo. Karanga na vitu vya kutafuna kilo moja. Begi lenyewe gramu 800. Jumla haifiki kilo 7, na maji yakiingia haifiki 11. Yote yanakaa kwenye keria, yamefungwa na vipande vya mpira wa tyubu kuukuu. Hela niliyotumia kununua vipya ni ya solusheni na viraka.

Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu tayari kuna mtu amenitumia picha ya hema la gramu 900 akisema "hili ni jepesi, tukubaliane na hili". Nimeona bei yake. Hapana kaka yangu. Wepesi wa kununua ni mlango ule ule, kufuli ndiyo imebadilishwa ikawekwa ya dhahabu. Mimi nazungumzia wepesi wa kuacha. Kuacha hakuna bei, hata asiye na boom anaweza.

Mmebaki na swali moja, lile linaloulizwa kila kikao kwa sauti ya hekima: "Je, likitokea la kutokea?" Nalijibu kwa heshima. Litatokea. Pancha itatokea, mtu ataumwa tumbo, mnyororo utakatika. Lakini angalieni ile orodha muone ni vitu vingapi kati ya 43 vinatibu tumbo au mnyororo. Vinne? Vitano? Vilivyobaki ni vya kutuliza moyo. Na kama jambo ni kubwa kweli, mtu kavunjika, basi hema halimsaidii. Anasaidiwa na simu, na gari linalopita, na watu wa kijiji cha jirani. Barabara hii haiko mwezini. Tunaogopa watu wa njiani ambao ni shangazi na wajomba zetu, kisha tunajaza mabegi ili tusilazimike kuwapigia hodi.

Hoja yangu ya Ijumaa ni hii, kaka mwenyekiti naomba uiweke kwenye ajenda kabla ya ile ya pikapu: orodha ya vitu 43 ifutwe. Iwekwe ya vitu vitano vya lazima nilivyovitaja hapo juu, na kikomo cha kilo 10 kwa kila mtu bila maji. Wale saba waliojitoa wapigiwe simu waambiwe masharti mapya. Elfu 60 ya pikapu kila mtu abaki nayo, ndiyo ya kulala na kula njiani.

Anayepinga aje na begi lake limepakiwa, tulifungue mbele ya watu, atuambie kimoja kimoja ni cha nini. Mizani nimeshaiazima. Saa kumi jioni, pale pale chini ya mti. Mje na baiskeli zenu.